Aliyeshindwa Kuanza Akageuze Kahawa

Sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitoa kinywani niliitoa nikiwa na mhogo shavuni, na tangu siku hiyo sijapata nyingine ya kuifikia. Nimejaribu sana. Kazi yangu ya sasa ni kukaa na miswada ya watu, kusoma ukurasa wa kwanza na kuona kama wa pili una haja, na vijana wanaoniletea hadithi zao huniuliza swali lile lile: shangazi, mtu anaanzaje? Huwa nawajibu maneno ya kikazi, wanayaandika, wanaondoka wameridhika. Lakini jibu langu la kweli lina harufu, na harufu siwezi kumpa mtu akaenda nayo.

Harufu hiyo ilinijia tena juzi. Mdogo wangu aliyebaki nyumbani milimani, Litembo, alinitumia mfuko wa kahawa ambayo haijakobolewa, ile yenye ganda lake jembamba la rangi ya majani makavu, kwa sababu nilimwomba niwaonyeshe wanangu. Nilipoufungua mezani ukapanda ule uchachu wa kahawa iliyolala ndani ya maji, ikaoshwa, ikaanikwa, na kwa mbali moshi wa jiko la kuni. Wanangu wakaziba pua. Mimi nikavuta kiti nikakaa, nikaanza kucheka peke yangu, maana nilisikia kundi zima la watoto likinipigia kelele kwa pamoja: “Kahawa!”

Wenzangu mliokua miaka ile ya ruksa mtakumbuka jinsi mambo yalivyofunguka. Madukani Mbinga zikaingia sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa chini siku ya mnada, na kahawa, ambayo wazee wetu walizoea kuipeleka kwenye chama cha ushirika na kusubiri, ikaanza kufuatwa nyumbani na magari madogo ya wanunuzi binafsi. Wanunuzi hao walikuja na maneno matamu, lakini wote walichota kahawa kwa kiganja, wakaing'ata, wakasikiliza inavyovunjika. Ikiwa haijakauka vizuri maneno matamu yaliisha hapo hapo. Na kukauka kwa kahawa kulikuwa mikononi mwetu sisi watoto.

Uani kwa bibi, mama yake baba, palikuwa na vichanja, meza ndefu za wavu wa chuma juu ya miguu ya miti, na kahawa ya ukoo wote ilianikwa pale. Kazi yetu ilikuwa kufukuza kuku na mbuzi, kukimbia na maturubai ukungu ukishuka, na kuigeuza kahawa ili ikauke pande zote. Kufukuza kuku ni mchezo. Kugeuza ndiyo adhabu. Unatembea juani kutoka mwanzo wa kichanja mpaka mwisho, viganja ndani ya kahawa, halafu unarudi, na wenzako wamekaa kivulini upenuni juu ya magunia wakila mahindi ya kuchoma.

Nani ageuze? Hapo ndipo ulipoingia mchezo wetu. Mmoja wetu alisimama mbele ya wenzake na kutoa sentensi ya kwanza ya hadithi. Sentensi moja tu. Wakiitaka, walisema wote, “Ikawaje?” na huyo akakaa kwenye gunia la katikati, akaendelea. Wasipoitaka walipiga kelele, “Kahawa!” na huyo akaondoka kwenda juani, akaja mwingine. Hakimu alikuwa Gaudensia, binti wa baba mkubwa, aliyetuzidi umri wote na mwenye uso ambao haukucheka bila sababu. Yeye ndiye aliyefungua mdomo kwanza, na sisi tulimfuata.

Mimi nilikuwa mbovu, na sisemi kwa unyenyekevu. Nilianza na “Hapo zamani za kale palikuwa na,” na kabla sijasema palikuwa na nini nikasikia, “Kahawa!” Nikarudi siku nyingine na mwanzo uliopangwa: kulikuwa na mtu mmoja, alikuwa na mke na watoto, na nyumba yao ilikuwa karibu na mto, na ng'ambo ya mto kulikuwa na shamba, na shambani...

“Kahawa!” Gaudensia alisema. “Wewe unahamisha vyombo. Sisi tunataka hadithi.”

Basi nikageuza. Msimu ule nadhani niligeuza kahawa kuliko mtoto yeyote wa Umatengo, milima yetu yote. Viganja vyangu vilinukia uchachu hata kanisani, na nikipiga ishara ya msalaba harufu ilinifuata kutoka paji la uso mpaka bega la pili. Lakini kugeuza kunachosha mgongo, macho hayana kazi, na macho yasiyo na kazi huona. Niligundua kwamba katika kichanja kizima cha kahawa nzuri, jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye punje yenye doa jeusi. Sikuitafuta. Jicho lilikwenda lenyewe, na mkono ukafuata kuitoa. Siku kadhaa nilitembea na jambo hilo bila kujua nalifanyia nini, mpaka asubuhi moja nikasimama mbele ya wenzangu na kusema:

“Jana bibi alimwamkia jogoo.”

Gaudensia akaacha kutafuna. “Ikawaje?”

Siwezi kueleza utamu wa neno lile likitoka katika vinywa vyote kwa pamoja. Nilikaa kwenye gunia la katikati kama mtu aliyekabidhiwa kiti cha diwani. Nikasimulia: katekista mzee alikuja kumtembelea bibi, akatoka kidogo kwenda kujisaidia, na jogoo akaruka juu ya kiti chake. Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akageuka kutoka jikoni, akaona kitu chekundu cha kichwani, akadhani ni mzee mwingine ameingia na kofia, akapiga goti, “Shikamoo, baba.” Wakacheka mpaka kuku wakapanda vichanjani bila kufukuzwa. Halafu wakatulia, wakasubiri. Na mimi sikuwa na kitu kingine. Hadithi ilikuwa imeisha. Kwa woga nikamwingiza simba.

“Kahawa!”

“Mwanzo unao,” Gaudensia aliniambia nilipokuwa naondoka. “Ila mwenye hadithi hayupo.”

Kutoka jikoni ikaja sauti ya bibi, ambaye kumbe alisikia yote: “Na uwaambie jogoo hakuniitikia. Hana adabu kama wewe.”

Sasa nimwingize mama yangu, maana hadithi hii ni yake. Mama hakuwa mtu wa milimani. Alizaliwa Lundo, chini kule ziwani, binti wa fundi cherehani. Bibi alipenda kutusimulia namna alivyofika kwetu, tena mbele yake, ili amwone akiona haya. Baba aliteremka Lundo na mzigo wa mahindi, akanunua kitambaa, akakipeleka kwa fundi ashonewe suruali. Suruali ikambana. Akarudi, ikampwaya. Akarudi tena, ikambana upya. “Mwanangu hakuwa mnene wala mwembamba,” bibi alisema. “Alikuwa anapimwa na macho ya binti wa fundi. Alifuata suruali, akaleta mke, na suruali yenyewe hatujaiona mpaka leo.”

Tulicheka, na mama alicheka, lakini mimi nilijua kwamba tangu aje kwetu hajawahi kurudi kwao. Babu wa Lundo sikuwahi kumwona. Sikuthubutu kuuliza mpaka siku moja mama alipokuwa ananisuka, kichwa changu kikiwa kati ya magoti yake, ambapo mtu haonwi uso.

“Ulipomwambia babu unaolewa huku, ulimwambiaje?”

Mkono ulisimama kidogo, ukaendelea. “Nilimwambia, ‘Baba, usikasirike.’”

“Ikawaje?”

“Akakasirika.”

Nikasubiri. Akaniambia yaliyobaki taratibu, suka kwa suka. Mama yake alikuwa amefariki, yeye ndiye aliyekuwa anamwashia babu moto wa asubuhi. Tena wao walikuwa Waanglikana na baba Mkatoliki, na wakati ule hilo nalo lilikuwa na maneno yake. Lakini neno lililobaki kifuani kwa mama lilikuwa jingine. Babu alikuwa ameshika suruali ya baba, mguu mmoja umekunjwa na kushonwa, wa pili bado. Akasema: “Mtoto wa ziwani hauwezi mlima. Kabla sijamaliza suruali ya huyo bwana utakuwa umerudi hapa.” Mama akaondoka, naye hakurudi, na babu hakutuma neno.

Mtu mzima angeona mengi katika habari ile. Mimi, mtoto wa vichanjani, niliona kosa moja tu, na niliona wazi kabisa: mama alianza vibaya. “Baba, usikasirike” ni mwanzo gani? Kwetu ungempeleka juani kabla hajafunga mdomo. Nililala na uhakika kwamba ugomvi wa watu wazima wawili ulitokana na sentensi mbovu, na kwamba angepatikana mtu wa kuianza habari upya, ingekwenda vizuri. Nilimwonea mama huruma kwa kukosa mazoezi.

Na kuhusu mlima babu alikuwa na haki ya kuhofu. Kule ziwani wanalima mihogo kwenye mchanga, ardhi imelala. Kwetu shamba limesimama. Tunalima kwa ngolo: wanaume wanafyeka majani na kuyapanga chini kwa miraba, halafu wanawake wanachimba katikati ya kila mraba na kuufukia udongo juu ya majani, mpaka pale katikati panabaki shimo na pembeni panakuwa na tuta la kupandia. Mvua ikija maji yanakaa mashimoni badala ya kukimbia na udongo. Mwaka wa kwanza bibi alipita nyuma ya mama akiyabomoa matuta yake kwa mguu, bila kusema kitu, na mama akayarudia. Aliyarudia akilia, baadaye akayarudia akiimba. Nilipopata akili, mlima wake ulionekana kutoka ng'ambo ya bonde kama sega la nyuki, na wageni waliuliza ni wa nani. Bibi alijibu, “Wa mwanangu,” na hakumaanisha baba.

Wakati wa baridi, ile baridi ya Litembo inayokufanya uchelewe kutoka kwenye moto, alipanda kwetu Mama Zawadi kutoka Lundo na ndoo ya usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Akakaa upenuni akimpimia mama kwa kikopo.

“Fundi ameniuliza tena,” alisema, kama mtu anayepitisha muda. “‘Huko juu baridi ikoje mwaka huu?’ Kila nikishuka ni hilo hilo. Mzee wa ziwani, sijui ana nini na baridi ya watu.”

Mama alikuwa ameshika bakuli. Bakuli likabaki hewani. “Alisema hivyo?”

“Hivyo hivyo. Na mwaka jana vilevile.”

Mama aliweka bakuli chini, akaenda nyuma ya nyumba, na nilipomfuata nikamkuta ananawa uso, ananawa tena, kama mwenye vumbi lisilotoka. Nilirudi kwa Gaudensia nikampa habari kamili: babu yangu fundi anataka kuleta makoti kuuza huku, ndiyo maana anapeleleza baridi. Gaudensia akasema ni biashara nzuri.

Kahawa yetu mwaka ule ilivunjika vizuri menoni mwa wanunuzi. Baba alirudi kutoka Mbinga na doti ya kitenge, akamwekea mama mapajani. “Kamwone mzee,” alisema. “Nenda na huyu. Mimi nikienda atanikata na mkasi.” Aliitoa kama utani, lakini hakucheka, na usiku ule, kabla moto haujazimwa, alimuuliza mama mara kwa mara kama ana hakika gari litapatikana.

Tuliteremka kwa lori lililokuwa linarudisha matenga matupu ya samaki. Nilikuwa sijawahi kuvuka bonde letu. Barabara ilizunguka, ikashuka, joto likapanda miguuni, na kwenye kona moja mama akanishika kidevu akanigeuza: “Tazama.” Nikatazama. Nyumbani kila asubuhi bonde hujaa ukungu mweupe, jua likipanda unaondoka na mashamba yanajitokeza. Hapa niliona ukungu wa bluu, mwingi, umejaza mpaka mwisho wa macho, na milima mingine ng'ambo yake. Nikamwambia mama ukungu wa kwao ni mzuri, na nikakaa kimya kungoja uondoke nione mashamba ya chini. Tulifika Lundo jua la mchana likiwa kichwani na ukungu haujaondoka. Ndipo nilipoona watu wamesimama ndani yake wakifua nguo.

Mama hakwenda nyumbani. Alisimama barabarani, karibu na kibanda cha kuuzia mafuta ya taa, akaweka mzigo chini, akajifunga kitenge kipya, akakifungua, akakifunga tena. Nyumba ilionekana, bati lenye kutu na baraza, na kutoka barazani ilisikika cherehani: tarararara, kimya kidogo, tarararara.

“Tangulia wewe,” aliniambia. “Mwamkie. Mwambie, ‘Babu, mama anakusalimia sana.’ Basi. Usiongeze kitu.” Midomo yake ilikuwa mikavu. “Akikuuliza niko wapi, mwambie. Asipouliza, rudi. Tutapanda lori hilo hilo.”

Hapo nikaelewa kwamba safari nzima, kitenge, na ule uso uliooshwa nyuma ya nyumba, vyote vilikuwa vimebebeshwa sentensi moja, na sentensi yenyewe ilikuwa “mama anakusalimia sana.” Nilishikwa na hofu. Huo ulikuwa mwanzo wa kugeuzia kahawa siku nzima.

Wa kwanza kuniona alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama, aliyekuwa uani na sufuria ya mihogo. Alinitazama mara moja, akashika kifua. Hakuuliza mimi ni nani. Nilikuwa na uso wa dada yake. Akanitia kipande cha mhogo wa moto mkononi, labda kwa sababu hakujua afanye nini kingine, akaninong'oneza: “Usingoje aache kushona. Haachi kwa mtu. Hata mchungaji anampa habari zake cherehani ikienda.”

Babu alikuwa mrefu, mwembamba, futi ya kupimia imening'inia shingoni, pini zimebanwa midomoni. Mbele yake kulikuwa na lundo la mitumba. Siku hizo watu hawakumletea tena vitambaa, walimletea suruali za wazungu wanene azipunguze. Na ukutani nyuma yake, kwenye msumari, ilining'inia suruali ya kijivu ya mtindo wa zamani, mguu mmoja umekunjwa na kushonwa, wa pili uzi unaning'inia.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba.” Hakuinua macho. Tarararara. “Habari za utokako?”

Nilikuwa nimeutia mhogo wote kinywani ili mikono iwe huru, na ulikuwa wa moto. Sentensi ya mama ilikuwa tayari ulimini. Nikaona jinsi itakavyokwenda: nitaisema, atasema “vizuri,” cherehani itaendelea, nami nitarudi barabarani. Nikausukuma mhogo shavuni.

“Babu, mama amechimba mashimo mlima mzima, na hakuna aliyekufa.”

Cherehani ikanyamaza.

Ziwa lilisikika. Babu alizitoa pini mdomoni moja moja akazichomeka kwenye ukosi wa shati lake, na ndipo akanitazama, na nikaona macho ya mama katika uso wa mwanamume.

“Amechimba nini?”

“Mashimo. Mlima mzima.”

“Ikawaje?”

Hakujua alichokisema. Hakuna aliyemfundisha mchezo wetu. Mwili wangu wote ulitaka kukaa kwenye gunia la katikati na kusimulia, lakini nilimkumbuka jogoo. Mwanzo nilikuwa nao. Mwenye hadithi alikuwa barabarani.

“Mengine anayajua mwenyewe,” nikasema. “Yuko pale kwenye mafuta ya taa.”

Nilidhani atamtuma mama mdogo. Aliinuka yeye. Akatembea miguu mitupu juu ya mchanga wa moto na futi yake shingoni, hatua za haraka, halafu akapunguza, halafu haraka tena. Mama alipomwona alipiga magoti pale pale barabarani na kitenge chake kipya. Babu alisimama mbele yake, na mimi niliyekuwa nyuma yake nikasikia alichosema, baada ya miaka yote ile, kwa binti yake.

“Mashimo gani?”

Mama akaangua kicheko, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikarudi kuwa kicheko, na babu akamwinua kwa kiwiko, akachukua mzigo, akauweka begani mwake.

Hakujibiwa kwa maneno. Jioni ile mama aling'oa majani uani, akayapanga kwa mraba juu ya mchanga, akachimba katikati kwa mikono na kufukia pembeni mpaka ikatokea ngolo ndogo ya kutosha kukaa kuku. Majirani walikuja kutazama. Babu alichuchumaa, akaingiza mkono shimoni, akapapasa tuta, akavua futi shingoni akalipima kwa urefu na upana kama kiuno cha mtu.

“Na mlima mzima?”

“Mlima mzima, baba.”

“Mlima wenyewe ukoje?”

Mama akasimamisha kiganja, karibu wima. Babu alikitazama kile kiganja muda mrefu kuliko alivyolitazama shimo. Kilikuwa kigumu, chenye sugu za jembe. Akakishika kwa mikono yake miwili.

“Nilisema huwezi.”

“Ulisema.”

“Basi nilikosea kipimo,” babu akasema.

Tulikaa Lundo mpaka nikajua kuogelea kama mbwa. Nilimwonyesha babu mchezo wa kahawa, akaupenda kupita kiasi, akawa anawapigia wateja kelele ya “Kahawa!” walipoanza kujieleza kwa urefu. Na siku moja, nikiwa namshikia uzi, nilimuuliza lile la makoti. Akaingia ndani, akatoka na koti la mtumba, zito, aliloligeuza na kulitia bitana mpya, la kike, la kipimo cha mama. Ganda la vumbi begani lilionyesha kwamba halikuwa la mwaka ule. Nilifurahi kwamba nilimpeleleza sawasawa. Ilinichukua miaka, na mtoto wangu mwenyewe kwenda kuishi mbali, kuelewa kwamba sentensi yangu haikumnasa mzee yule. Alikuwa amenaswa siku nyingi, amekaa na suruali isiyomalizwa akiuliza baridi kwa wauza dagaa, akingoja mtu yeyote aanze. Vijana wanaponiuliza mtu anaanzaje, nataka kuwaambia watafute kwanza nani anangoja. Halafu nawaambia mambo ya kikazi.

Siku ya kuondoka mama alipanda lori amevaa lile koti katika joto la Lundo, jasho likimtiririka, na alikataa kulivua. Babu alisimama chini, mkono juu ya ubao wa lori. Injini ikawaka. Akanivuta sikio.

“Siku aliyozaliwa mama yako,” alisema, “mimi nilikuwa nimefungiwa kanisani, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa mbuzi.”

“Ikawaje?” nilipiga kelele. “Babu, ikawaje?”

Akagonga ubao. “Twende, dereva!”

Mama alikuwa amegeuka, mdomo wazi. Hata yeye hakuwahi kuisikia. Tulibishana juu ya mbuzi yule mpaka Mbinga, na mpaka Litembo, na nilipowapa wenzangu sentensi ile upenuni walisema “Ikawaje?” kwa sauti iliyomtoa bibi jikoni, nikalazimika kukiri kwamba sijui, na Gaudensia, kwa mara ya kwanza, hakumpeleka mtu juani. Na usiku, chini ya blanketi, nilimsikia baba akimuuliza mama: “Sasa mbuzi aliupataje ufunguo?”

Kahawa iliyobaki vichanjani ilipokwisha tuliteremka wote. Safari hii hakuna aliyesimama kwenye mafuta ya taa. Baba alitangulia, amenyoa ndevu, kofia mkononi, na sisi nyuma yake, na barazani cherehani ilikuwa inakwenda.

“Shikamoo, baba,” alisema. “Yule mbuzi, ikawaje?”

Cherehani ikanyamaza. Babu akazitoa pini mdomoni, akainuka, akamtazama mkwe wake kuanzia kichwani mpaka kiunoni. Kisha akageuka ukutani, akaitungua ile suruali msumarini. Miguu yote miwili ilikuwa imeshonwa.

“Mbuzi baadaye,” alisema. “Kwanza jaribu suruali yako.”